Valencia kwa mgeni: mji nafuu kwa anayefuata saa zake

Mtu mwenye bajeti ya wastani anayetaka jua, bahari na mji wa kale nchini Hispania, aende Valencia kabla hajafikiria Barcelona. Vyumba ni nafuu zaidi, foleni ni fupi, metro inamtoa mgeni uwanja wa ndege hadi katikati ya mji, na ufukwe mpana wa mchanga uko ndani ya mji wenyewe. Wanaorudi wakinung'unika mara nyingi wamegombana na saa. Mji huu una ratiba yake ya kula, kufunga na kulala. Asiyeifuata atakuta milango imefungwa, au atauziwa wali uliopashwa kwa bei ya wali mpya.

Asubuhi wenyeji hunywa kahawa na kipande cha mkate tu. Kuanzia saa nne hadi karibu saa sita huja mlo ambao wageni wengi hawaujui, esmorzaret: mkate mrefu uliojazwa kimanda cha viazi, ngisi au nyama, pamoja na zeituni, karanga za maganda, kinywaji na kahawa, mara nyingi vyote kwa bei moja. Chakula cha mchana ni saa nane hadi saa kumi. Hapo majiko mengi huzimwa mpaka saa mbili na nusu usiku, na wenyeji wengi hawaketi mezani kabla ya saa tatu. Mwenye watoto wanaolala mapema aufanye mlo wa mchana kuwa mkubwa, usiku wale vitafunio. Hata kwa pochi mchana ndiyo bora: Jumatatu hadi Ijumaa migahawa huweka menú del día, yaani sahani ya kwanza, ya pili, kitindamlo au kahawa, mkate na kinywaji, kwa kawaida kati ya yuro 12 na 18. Usiku, kwa kuagiza sahani mojamoja, mtu hutoa zaidi na kula kidogo. Maji ya bomba ni salama ingawa ni mazito ya chokaa, na sheria ya mwaka 2022 inaitaka migahawa iyatoe bure. Omba agua del grifo, la sivyo italetwa chupa na itaingia kwenye bili. Maduka madogo hufungwa saa nane mchana hadi saa kumi na moja jioni, na Jumapili mengi hayafunguliwi kabisa.

Kwenye paella, wali wa kikaango wa Valencia, ndiko mgeni anakoibiwa kistaarabu. Paella ya Kivalencia ina kuku, sungura, maharage mabichi mapana, maharage makubwa meupe yaitwayo garrofó, nyanya, mafuta ya zeituni, zafarani, maji, chumvi na mchele wa punje fupi. Wapo wanaoongeza konokono, bata au tawi la rozmari. Soseji haimo. Ya samaki na kamba ni chakula kingine, kizuri pia, chenye jina lake. Paella hupikwa kwenye kikaango kipana cha chuma kisicho na kina, wali umetandazwa usizidi unene wa kidole, bila kifuniko. Nyama hukaangwa kwanza polepole, supu ikolee, na mchele huingia mwisho. Ukishasambazwa haukorogwi tena, maana ukikorogwa wanga hutoka na wali hushikana. Dakika 18 hadi 20 motoni zinatosha, kisha unaachwa utulie kidogo. Chini hubaki ukoko, nao ndio unaogombewa mezani. Ukoko mzuri ni wa kahawia na unang'aa mafuta. Mweusi na mchungu umeungua tu, hata mhudumu aueleze vipi.

Ukilijua pishi hilo, mgahawa wa kitapeli unajulikana kabla ya kukaa. Paella iliyofika dakika kumi baada ya kuagizwa ilikuwa imeshapikwa. Ya kweli huchukua nusu saa au zaidi. Wanaopika upya huomba angalau watu wawili wanaokula aina moja, na bei ya kwenye menyu ni ya kichwa kimoja, si ya kikaango. Kibao cha barabarani chenye picha za paella aina sita zilezile unazoziona mitaa mitatu ni tangazo la chakula kilichogandishwa kiwandani. Manjano makali sana ni rangi ya unga. Tena wenyeji hula wali mchana. Sehemu inayojaa watu wanaokula paella saa nne usiku inategemea wageni peke yao. Ukitaka iliyopikwa kwa kuni, piga simu siku moja kabla, hasa kwa Jumapili, na utaje idadi ya watu na aina ya wali. Anayesafiri peke yake atafute menú del día ambayo sahani ya pili ni wali.

Kwa Mwislamu, paella ya Kivalencia kwa kawaida haina nguruwe, lakini kuku na sungura wa mgahawa wa kawaida hawakuchinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu. Njia rahisi ni wali wa samaki: arroz a banda, uliopikwa kwa supu ya samaki, au arroz del senyoret, ambao kamba na ngisi wake wameshamenywa. Hata hivyo uliza "¿Lleva cerdo?" (ina nguruwe?), kwa sababu vipande vya jamón, paja la nguruwe lililokaushwa, hutiwa hata kwenye mboga na supu. Mtaa wa Ruzafa, nyuma ya stesheni ya treni, una bucha za halali. Tahadhari kubwa ni kwenye vinywaji. Agua de Valencia huonekana kama maji ya machungwa na jina lake linataja maji, kumbe imechanganywa mvinyo wa povu, jini na vodka. Kahawa ya cremaet ina ramu.

Mercado Central, soko lililofunguliwa mwaka 1928 lenye eneo la zaidi ya mita za mraba 8,000, ni la asubuhi. Hufunguliwa Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa moja na nusu hadi saa tisa alasiri. Nenda kabla ya saa nne. Ikifika saa saba wauza samaki wengi wameanza kuosha meza. Mkabala ni La Lonja, jengo la wafanyabiashara wa hariri lililoanza kujengwa mwishoni mwa karne ya 15, lenye nguzo zilizopinda kama kamba, na liko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1996. Jumapili kuingia ni bure, lakini siku hiyo soko limefungwa. Afadhali kulipa kiingilio chake kidogo siku ya kazi uvione vyote viwili.

Karibu na hapo kuna wauza horchata, kinywaji baridi. Hutengenezwa kwa chufa, viazi vidogo vya mmea ulio ndugu wa ndago, yule anayewasumbua wakulima wetu shambani. Huku hulimwa kwa makusudi na kulindwa kwa alama ya asili. Chufa huoshwa, hulowekwa, husagwa na maji, huchujwa, kisha hutiwa sukari. Haina maziwa, kwa hiyo inamfaa asiyepatana nayo. Freshi haichemshwi, maana wanga wake huganda, na ndiyo sababu haidumu: inywe baridi siku hiyohiyo. Ya chupa ya dukani iliyotiwa joto ina ladha tofauti kabisa, usiihukumu horchata kwa hiyo. Huchovywa fartons, mikate laini mirefu yenye sukari juu. Kwa waliokolea, laini ya 3 ya metro inafika Alboraia, kwenye mashamba yenyewe ya chufa.

Laini hiyo ya 3 pamoja na ya 5 ndizo zinazotoka uwanja wa ndege kuja mjini, safari ya chini ya nusu saa hadi vituo vya Xàtiva na Colón. Kosa la kwanza la wageni hutokea hapa. Uwanja wa ndege una nauli yake, na tiketi ya ukanda A peke yake haitoshi. Inayofaa ina alama ya +. Kwenye metro tiketi huguswa wakati wa kuingia na wa kutoka pia, hivyo mwenye tiketi pungufu hugundua geti likigoma mizigo ikiwa mkononi. Tramu za kwenda ufukweni ni tofauti: mashine iko kituoni, gusa kabla ya kupanda. Kadi ya SUMA yenye safari 10 inaweza kutumiwa na familia nzima, kila mtu mguso wake, na inabadilisha kati ya metro, tramu na basi ndani ya muda uliowekwa bila kukata safari nyingine.

Ile kadi ya watalii, Valencia Tourist Card, ya saa 24, 48 au 72, husifiwa kuliko inavyostahili. Inajumuisha usafiri, uwanja wa ndege ukiwemo, na kiingilio cha makumbusho ya umma. Kwenye vivutio ghali inatoa punguzo tu. Anayefika siku ya kazi na kuzunguka makumbusho manne kwa siku atapata faida. Anayekuja kulala ufukweni, au ambaye makumbusho yake ataya­pitia Jumapili yakiwa bure, anunue SUMA. Kadi hiyo ya watalii usiianze Jumatatu kabisa, maana makumbusho mengi yamefungwa.

Ukumbi mkubwa wa mji ni bustani ya Turia. Mto ulifurika Oktoba 1957, ukahamishwa kupita kusini mwa mji, na mkondo wake mkavu ukageuzwa bustani ya takriban kilomita 9. Kodi baiskeli, lakini usipande nayo kwenye njia za waenda kwa miguu mjini, faini zipo. Upande wa mashariki bustani inaishia kwenye Ciutat de les Arts i les Ciències (Mji wa Sanaa na Sayansi), na kuzunguka nje ya majengo hayo meupe ni bure, tena ndiyo sehemu nzuri zaidi. Oceanogràfic, hifadhi ya viumbe wa baharini iliyofunguliwa hapo mwaka 2003, tiketi yake huzidi yuro 30 na inataka nusu siku, ingia inapofunguliwa. Tiketi ya pamoja na jumba la sayansi inunuliwe na wenye watoto tu. Magharibi kuna Bioparc, bustani ya wanyama wa Afrika, ambamo wamejenga hata mfano wa pango la Kitum la Mlima Elgon. Imetengenezwa kwa ustadi, lakini atokaye Kenya au Tanzania pesa hiyo aitumie kwingine.

Alhamisi saa sita kamili mchana, mbele ya mlango wa Mitume wa kanisa kuu, hukaa Mahakama ya Maji, wakulima wanaoamua kesi za mifereji kwa mdomo. Fika robo saa mapema: pasipokuwa na mlalamikaji, kikao huisha kwa dakika chache. Mnara wa Micalet wa kanisa hilohilo una ngazi 207 nyembamba za mzunguko, usipande nao mtoto mgongoni.

Ziwa la Albufera, kama kilomita 10 kusini, ndiko unakotoka mchele. Lipo basi la mji linalokwenda kijiji cha El Palmar, ambako mashua huzungusha watu kwa yuro chache. Mashamba ni kijani Juni na Julai, huvunwa Septemba, na baridi ikija huwa maji matupu. Machweo yanasifiwa kwa haki, ila Juni jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku. Piga picha ya ratiba ya basi la mwisho kabla ya kupanda mashua.

Kulala: mitaa ya El Carmen na Ruzafa ina vyakula vizuri na makelele hadi alfajiri, kwa hiyo omba chumba cha uani. Cabanyal ni karibu na bahari. Benimaclet, mtaa wa wanafunzi, ni tulivu na nafuu, na una metro na tramu. Thibitisha kiyoyozi na lifti.

Mei, Juni na Septemba ndiyo miezi bora. Agosti ni jasho kama la Mombasa, na migahawa mingi ya mitaani hufunga kwa likizo. Tamasha la Fallas, hadi tarehe 19 Machi, huleta baruti kila siku saa nane mchana, barabara kufungwa na bei za vyumba kupanda. Mwenye mtoto mchanga aepuke. Vuli huleta mvua kali za ghafla. Tarehe 29 Oktoba 2024 mafuriko yaliua zaidi ya watu 220 mkoani, hasa vitongoji vya kusini kama Paiporta, huku katikati ya mji kukinusurika kwa sababu ya ule mkondo mpya wa mto. Simu ikipiga king'ora cha hadhari, panda ghorofani na usiende kuchukua gari.

Viza ya Schengen, ya Hispania na nchi nyingine nyingi za Ulaya, huombwa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari, na bima iwe ya angalau yuro 30,000. Anayepitia Istanbul hukaguliwa kuingia Schengen akifika Valencia. Anayepitia Amsterdam au Paris huingilia hukohuko, na tangu Oktoba 2025 mfumo mpya wa alama za vidole umerefusha foleni, kwa hiyo asikubali muda wa kubadilisha ndege chini ya saa tatu. Soketi ni za pini mbili za duara. Adapta ya pini tatu za mraba inunuliwe nyumbani, huko zilizojaa madukani ni za kinyume, za mwenye plagi ya pini mbili anayesafiri nje.