Gia ziligoma, kumbe ni klachi: uzoefu wangu na silinda mpya ya chini ya klachi

Kwa wiki mbili gari langu lilikuwa likigoma kuingia namba moja kila niliposimama, na rivasi ilikwaruza mpaka abiria wananigeukia. Fundi wa kwanza alisikia ule mkwaruzo mara moja tu, akasema sinkronaiza (pete zinazolinganisha mwendo wa gia ili ziingie laini) zimekwisha, giaboksi ishushwe. Nilikataa, na hadi leo nashukuru nilikataa.

Kilichonizuia ni kwamba nikizima injini, gia zote ziliingia laini. Bushi au nyaya za gia zikichakaa, gia hugoma hata injini ikiwa imezimwa. Sinkronaiza nayo ikiliwa, mara nyingi ni gia moja au mbili zinazolalamika, tena gari likiwa kwenye mwendo. Nikawasha injini, nikakanyaga klachi mpaka mwisho, nikahesabu hadi tano, ndipo nikaweka rivasi. Ikakwaruza. Kama klachi ingeachia sawasawa, shafti ya giaboksi ingekuwa imeshasimama. Nikapampu pedali mara nne harakaharaka, ikaingia bila kelele. Hapo sikuwa na shaka tena: presha ya oili ya klachi ilikuwa inapotea njiani.

Nikalala chini ya gari, nikakunjua mpira wa vumbi wa silinda ya chini, ile inayosukuma klachi iachie ukikanyaga pedali. Oili nyeusi ikanichuruzikia vidoleni. Kwenye kikopo cha juu cha oili ya klachi ilikuwa imepungua kidogo sana, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka.

Nilinunua silinda nzima. Mipira ya ndani peke yake ni nafuu, lakini ndani ya ile ya zamani kulikuwa na kutu iliyochimba ukuta, na mpira mpya ungechanika upesi. Kufunga ni rahisi, bolti mbili na bomba moja. Kazi iko kwenye kutoa upepo: mmoja anakanyaga pedali, mwingine anafungua na kufunga nati ya kutolea upepo, na kikopo kisiachwe kikauke hata mara moja, vinginevyo mnaanza upya. Nilitumia DOT 4, oili ya breki na klachi. Ikidondokea rangi ya gari ioshe kwa maji papo hapo, inakula rangi.

Kabla ya kubadilisha, fimbo ya silinda, ile inayosukuma klachi, ilisogea milimita 8 tu pedali ikikanyagwa, nilipopima kwa rula. Sasa inasogea 14. Namba moja inaingia kwa vidole viwili.

Nilibadilisha na oili ya giaboksi pia, daraja la GL-4 kama kitabu cha gari kinavyotaka. Msijaziwe GL-5 kiholela, baadhi yake hudhuru sinkronaiza za shaba. Namba mbili imelainika kidogo asubuhi, ila oili peke yake isingeponya lile tatizo.

Wauzaji wa silinda hii nawapa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu boksi lilikuja bila fimbo, ikabidi nitumie tena ile ya zamani. Huu ni mwezi wa nne, na jana nimeukunjua tena ule mpira wa vumbi: mkavu kabisa.