Shuka la kupimia damu leba: linafaa, ila usilinunue peke yake

Kwa wasiolijua: ni shuka la plastiki angavu, linatandikwa chini ya makalio ya mama mara mtoto anapotoka. Juu lina kamba za kufunga kiunoni, chini linaishia kwenye mfuko unaoning'inia ukingoni mwa kitanda, na mfuko umechorwa vipimo vya mililita. Mistari yenye kazi ni miwili, wa 300 na wa 500. Linatumika kwa mama mmoja, kisha linatupwa.

Kinachoshindana nalo kwenye leba zetu nyingi ni jicho la mkunga. Mama anakuja na mpira wake wa kutandika kitandani wa mita mbili, kanga na pamba. Damu nyingine inalowa kanga, nyingine inakwenda chini ya mgongo, nyingine inaingia kwenye ndoo pamoja na maji ya uzazi, kisha kwenye rejista inaandikwa 200. Jicho hukosea, na damu inapokuwa nyingi hukosea kwa kupunguza, yaani pale pale ambapo kosa linaua. Presha nayo haisaidii mapema: mama mwenye afya anaweza kupoteza karibu lita moja kabla haijashuka. Mwenye upungufu wa damu hana akiba hiyo.

Ushahidi wake ni wa kwetu. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa mwaka 2023, ulifanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukahusisha wanawake zaidi ya 210,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Waliopoteza lita moja au zaidi, waliopasuliwa tumbo kwa sababu ya damu au waliokufa kwa damu walikuwa asilimia 1.6 kwenye hospitali zilizotumia mpango mpya, yaani shuka pamoja na hatua za matibabu zilizopangwa, na 4.3 kwenye zile zilizoendelea na utaratibu wa zamani. Wengi wananukuu tarakimu hizo na kuishia hapo. Ya kuangaliwa zaidi ni hii: kati ya wanawake waliotokwa damu kupita kiasi, waliopata matibabu yote yaliyopangwa walikuwa asilimia 91 kwenye mpango mpya na 19 kwenye utaratibu wa zamani.

Maana plastiki peke yake ilishajaribiwa. Mwaka 2010 yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi 13 za Ulaya, wanawake waliojifungua zaidi ya 25,000, ambapo mfuko wa kukusanyia damu uligawiwa bila mpango wa nini kifanyike unapojaa. Damu nyingi haikupungua kwa kiwango cha kuaminika. Hospitali inayoagiza maboksi ya mashuka na kuyapeleka wodini bila jambo jingine inarudia jaribio hilo kwa hela yake.

Mpango wenyewe ni huu. Kwa saa nzima ya kwanza mkunga anasoma mfuko kila dakika 15, anaangalia damu inatoka kwa kasi gani, anapapasa mfuko wa uzazi kama umekaza, na anaandika. Mapigo na presha vinapimwa pia. Ikifika 500, au 300 pamoja na dalili mbaya kama mapigo kupita 100, hatua zinaanza zote kwa pamoja: kusugua mfuko wa uzazi mpaka ukaze, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi) yuniti 10 kwa mshipa, kisha 20 ndani ya lita moja ya dripu kwa saa nne, asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu ikate) gramu 1 kwa mshipa ndani ya dakika 10, maadamu saa tatu hazijapita tangu kujifungua, maji ya mshipa mama akihitaji, kumwaga mkojo, kutoa mabonge ya damu, kukagua michaniko na kondo la nyuma, na kumwita mkubwa damu isipokata. Mazoea ya kutoa dawa moja, kusubiri, kisha kufikiria ya pili ndiyo yanayokula muda wa mama.

Kasoro za shuka lenyewe zipo. Likiwekwa kabla maji ya uzazi hayajaisha, mfuko unasoma 600 na mama hajapoteza hata 200. Wakunga wakishtuliwa bure mara kadhaa wanaacha kuliamini. Mkojo hufanya vivyo hivyo. Kondo la nyuma likiachwa ndani ya mfuko linapandisha kipimo. Kitanda kikiwa tambarare damu inatuama chini ya makalio. Inua kingo za shuka itiririke ndipo usome, macho yakiwa sawa na mstari. Gozi (vitambaa vya kufutia damu) na pamba zilizolowa wakati wa kushona michaniko hazimo kwenye mfuko, kwa hiyo zipimwe kwa mizani na uzito wake zikiwa kavu utolewe: gramu moja ni takriban mililita moja. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuliondoa mapema ili mama asafishwe na kitanda kipatikane. Likae saa moja, na damu ikiwa bado inatoka, mbili.

Toroli la vifaa vya dharura nalo litazamwe kwa jicho la mkaguzi. Kanula, seti ya dripu, maji, sindano, traneksamiki na katheta (mpira wa kutolea mkojo) vikae mahali pamoja, karibu na kitanda, vihesabiwe kila zamu inapokabidhiwa. Toroli lililofungwa kwa kufuli huku ufunguo uko kwa msimamizi aliyekwenda kikaoni ni fanicha. Oksitosini haikai toroli. Inakaa friji, nyuzi 2 hadi 8. Mafunzo yafanyike leba penyewe, kwa mazoezi mafupi ya timu nzima, na kila mwezi ubaoni paonekane wangapi walifika 500 na wangapi kati yao walipata hatua zote. Bila ubao huo, baada ya miezi michache vipimo vya saa ya kwanza vinarudi kujazwa kwa kalamu moja mwisho wa zamu.

Kabla ya kusaini kupokea mzigo, fungua shuka moja, mimina maji ya jagi la vipimo mpaka 500 na usome. Plastiki nyepesi hutanuka, mfuko ukasoma pungufu. Vuta kamba kwa nguvu. Uliza pia kama kichomea taka cha hospitali kitabeba mzigo huo wa plastiki yenye damu.

Bajeti isipotosha wote, usiyatunzie mashuka "wenye hatari" tu, kwa kuwa wengi wanaotokwa damu hawakuwa na dalili yoyote kliniki. Kwa mama aliyekosa shuka, weka beseni safi la vipimo chini ya ukingo wa mpira wake, pima kanga na pamba kwenye mizani, na ratiba ya dakika 15 ibaki ile ile.