Huduma ya kuacha pombe ya halmashauri hapa England: uzoefu wangu, nyota tatu

Nyota tatu kati ya tano. Ningeandika mapema, nilipokuwa bado mgeni pale, ningetoa nne na nusu. Wengi mnanivuta pembeni msibani na harusini mkiniuliza kama ile huduma inasaidia au ni kupotezeana muda. Inasaidia. Ila siku hizi uiendee ukijua hali yake.

Naandika kwa aliye England, maana Uskoti na Wales wana utaratibu wao. Huhitaji barua ya GP, yaani daktari wako wa mtaani. Unapiga simu mwenyewe au unaingia mlangoni, unataja jina, anwani na unachokunywa. Hulipi kitu. Anwani wanaitaka kwa sababu anayegharamia ni halmashauri ya unakoishi, ingawa kituo chenyewe mara nyingi kinaendeshwa na shirika la hisani lililoshinda zabuni.

Siku ya kwanza nilipokewa vizuri kuliko nilivyowahi kupokewa benki. Kiingereza cha kazini ninacho, cha kuelezea aibu sina, kwa hiyo niliomba mkalimani wa simu. Hofu yangu ilikuwa moja tu: Waswahili wa mji huu tunajuana, na nilijua "habari yako" moja tu ya upande wa pili ingetosha kunitambulisha ni nani. Kumbe mkalimani anajitaja kwa namba, si kwa jina, na lafudhi yake ilikuwa ya Kenya bara. Nikapumua. Nawe ukiogopa, waambie mapema wakutafutie wa mji mwingine. Hawakasiriki.

Kisha likaja dodoso la maswali 10, alama za juu kabisa 40, na ukifika 20 wanaanza kuangalia kama mwili umeshaitegemea pombe. Moja linauliza kama asubuhi unahitaji kinywaji ili uweze kuanza siku. Nikasema ndiyo, nazimua kila nikitoka zamu ya usiku, wakati watoto wanavaa sare za shule. Mkalimani alinyamaza kidogo kabla ya kuitafsiri hiyo.

Hapa nawaomba mnisikilize hata kama mtaishia aya hii. Mtu anayetetemeka asubuhi mpaka apate chochote asiache pombe kwa ghafla peke yake nyumbani. Anaweza kupata degedege, akaweweseka, akafa. Mimi niliambiwa niendelee kunywa, nikipunguza kidogo kidogo, mpaka siku ya kuanza dawa. Mama watoto aliposikia alidhani nimeitunga, ikabidi nesi amwambie mwenyewe kwa simu.

Dawa yenyewe ni vidonge vya chlordiazepoxide, unaanza na vingi na kushuka kila siku kwa muda wa kama wiki, pamoja na vitamini B1. Kabla ya kukupa vya siku hiyo nesi anakupulizisha kile kipimo cha pombe kwenye pumzi. Na hawakubali ufanyie nyumbani kama hakuna mtu mzima wa kukaa nawe usiku na mchana. Kwangu alikuja shemeji, mtu ambaye hajawahi kuonja hata togwa iliyolala. Aliviweka vidonge kwenye mfuko wa koti lake la baridi na koti akalala nalo. Saa za dozi aliziandika nyuma ya bahasha ya bili ya gesi. Usiku niliokuwa nimelowa jasho mpaka godoro, kila nikiomba kingine jibu lilikuwa lile lile: "Bado saa moja, shemeji." Halafu ananiletea uji wa ulezi. Bila yeye ningehitaji kitanda cha wodi maalumu, na vitanda hivyo ni vichache, unasubiri mpaka halmashauri ikubali kulipia.

Mpaka hapo ni nyota tano. Na mhudumu wangu wa kwanza, mama mmoja wa Kiingereza mwenye sauti ya ukali, namuongezea na ya sita. Alikumbuka tarehe ya mtihani wa binti yangu bila kuangalia kompyuta.

Nyota zilianza kuanguka baadaye, na sababu yake haiko pale mapokezi. Tangu Aprili 2013 kazi hii iko mikononi mwa halmashauri, kwa ruzuku ya afya ya jamii kutoka serikali kuu. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 2015, Hazina ilichomoa pauni milioni 200 kwenye ruzuku hiyo katikati ya mwaka wa fedha, na ikaendelea kupungua miaka iliyofuata. Kuwatunza wazee wasiojiweza na watoto walio hatarini ni lazima kisheria. Matibabu ya uraibu, masharti ya ruzuku yanaitaka halmashauri iyazingatie tu, hayasemi yafike kiwango gani. Sasa mkurugenzi akikaa na kalamu nyekundu, unadhani ataanzia wapi? Mwaka 2023 halmashauri ya Birmingham, kubwa kuliko zote nchini, ilitangaza kwamba haiwezi kusawazisha bajeti yake. Huko ikifika hivyo, mlevi ana mtetezi gani?

Sisi wateja hatukutangaziwa kwamba huduma imepunguzwa. Siku moja kamba za vitambulisho shingoni zilikuwa za rangi nyingine: zabuni imekwenda kwa shirika jipya, kwa bei ya chini nadhani. Mama yule akaondoka. Kituo cha karibu na kwangu kikaunganishwa na cha mji wa pili, mabasi mawili kwenda na mawili kurudi. Mimi naenda mara moja moja, lakini pale wapo vijana waliokuwa kwenye heroini ambao hunywa methadone, dawa ya kushika nafasi ya heroini, mbele ya mfamasia kila siku, na dawa zao husimamiwa kutoka kituo hicho hicho. Mvua ikinyesha, nauli ikikosekana, kijana anakosa miadi, na muuza unga hana miadi.

Wahudumu nao wakawa wa kupita. Kila mpya unaanza naye na Bismillahi: ulianza kunywa lini, baba yako alikuwa anakunywa, ulishawahi kufikiria kujidhuru? Mwisho unajibu kama unasoma tangazo la basi. Siwalaumu. Ripoti ya daktari Dame Carol Black ya Julai 2021 kuhusu dawa za kulevya, ambayo serikali yenyewe iliiagiza, ilisema mhudumu mmoja alikuwa na watu kati ya 50 na 80, wakati mwingine hata 100, na inavyofaa ni 40 au pungufu. Baada ya ripoti ile serikali ilitoa pauni milioni 780 kwa matibabu kwa miaka mitatu, na kwa kweli nikaona sura mpya kituoni. Lakini mkakati uliokuja na fedha hizo ulikuwa wa dawa za kulevya, sisi wa chupa tumebebwa mgongoni tu. Na hali tuliyo nayo si ndogo: vifo vinavyosababishwa moja kwa moja na pombe Uingereza nzima vilikuwa 7,565 mwaka 2019, vikafika 10,473 mwaka 2023.

Mengine kwa ufupi. Siri wanatunza, ila ina mipaka: wakiona mtoto yuko hatarini watawajulisha ustawi wa jamii, na hilo wanakuambia siku ya kwanza. Mwenye leseni ya udereva anatakiwa kisheria kuwaarifu DVLA, wakala wa serikali wa leseni za udereva, kwamba ana utegemezi wa pombe, jambo ambalo vijana wetu wa teksi linawafanya wasikanyage pale kabisa. Hili sina jibu lake. Chai ya kituoni ni mbaya.

Kama ningerudi nyuma ningekwenda tena, mbio. Ukipiga simu, uliza mhudumu atakayekuchukua ana watu wangapi, nani atakupokea akiondoka, na kundi la jioni la watu wanaofanya kazi linakutana wapi. Kwetu lilikuwa Jumanne ukumbini, na viti havikutosha. Sasa limehamishiwa mtandaoni, Alhamisi saa nne usiku, wakati mimi nimeshaingia zamu na simu iko kabatini.