Azalia au waridi la jangwani kwa ua wa Malindi?

Azalia, ambaye ni jamii ya rododendroni, anataka udongo wenye asidi, pH 4.5 hadi 6. Ardhi ya Malindi imejaa chokaa ya matumbawe, na maji mengi ya visima ni hivyo hivyo. Ndiyo maana majani machanga hugeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani: chuma kimo udongoni, ila chokaa huizuia mizizi isikichukue. Kumwaga mbolea zaidi hakusaidii. Ukimtaka kweli, mpande kwenye chungu chenye matundu, kwa mboji ya majani na magome ya msonobari yaliyooza. Usizamishe shina, maana mizizi yake hukaa juu juu. Mwagilia maji ya mvua uliyokinga masika, na mpe jua la asubuhi tu. Hata hivyo, aina nyingi huhitaji wiki kadhaa za ubaridi ndipo matumba yake yafunguke vizuri, na joto letu haliwapi. Utapata majani, maua kwa nadra.

Waridi la jangwani ni la ukanda huu. Lipe mchanga wenye chembe kubwa sehemu mbili kwa mboji moja, jua kwa muda wa saa sita kila siku, na maji udongo ukikauka kabisa. Shina likibonyea, huenda limeanza kuoza; likiwa limeoza, kata hadi kwenye nyama safi, kausha kivulini wiki moja, panda upya.

Yote mawili yana sumu, kwa hiyo mbuzi wasiyafikie, na vaa glavu unapokata waridi, utomvu wake ni mkali.

Kwa Malindi, mimi ningepanda waridi.