Pauni 25 na matope: msimu wangu na klabu ya saiklokrosi Bradford

Shoga yangu wa Leicester kanipigia simu juzi. Mwanawe kaona picha zangu nimejaa tope hadi masikioni, sasa mpira hautaki tena, anataka baiskeli. "Haya niambie ukweli, hiyo klabu yenu inafaa au mnapotezeana Jumapili tu?" Nilimjibu kwa dakika arobaini. Maneno ya simu hupotea, kwa hiyo nayaandika, huenda kuna mzazi mwingine anajiuliza hivyo hivyo.

Jina la klabu silitaji. Nina malalamiko yangu humu ndani na sikuwaomba ruhusa. Ni klabu ya mtaa, hapa Bradford, kaskazini mwa Uingereza, watu kama themanini kwenye daftari, na mvua ikinyesha unawaona ishirini. Mimi mwenyewe mtu wa Tanga, Ngamiani, umri arobaini na kidogo, kazi yangu kutunza wazee, zamu za usiku. Mwanamichezo sijawahi kuwa. Aliyenitia humu ni binti yangu wa miaka tisa. Alianza yeye, mimi nikawa nasimama kando ya utepe nimeshika koti lake, natetemeka. Siku moja nikajisemea, kama ni baridi tutaipata wote, bora niipate nikiwa natembea.

Kwa asiyeujua mchezo: ni mbio za baiskeli kwenye nyasi, tope na mchanga, kuanzia Septemba hadi baridi inapokaribia kwisha. Mzunguko ni mfupi, kilomita mbili au tatu, na umepindwapindwa kwa utepe ndani ya bustani au uwanja wa shule. Kuna mahali lazima ushuke ukimbie na baiskeli yako: ngazi, kilima kilichooza kwa tope, au mbao mbili zimesimamishwa njiani, kimo hadi sentimita 40. Wakubwa wa dunia huwa wanazunguka kama saa nzima. Mbio zetu wanawake ni dakika arobaini, na hapa ndipo penye siri ya mchezo wenyewe. Kinachohesabiwa ni muda, umbali haukuhusu. Kiongozi akimaliza, nawe umemaliza ukifika kwenye mstari, hata kama kakupita mara tatu. Kwenye ligi yetu hakuna anayekutoa njiani kwa kuwa mzito. Nimeshika nafasi ya mwisho mara nne na kila mara jina langu lilibandikwa na la mwenzangu wa kwanza kwenye karatasi moja.

Sasa klabu. Ada ni pauni 25 kwa mwaka kwa mtu mzima, mtoto ni nusu. Nilidhani nalipia jezi. Jezi ni mbali, na nitaifikia. Nilichonunua kwa zile pauni 25, nimekuja kukijua baadaye, ni mikono ya watu.

Mazoezi ni Jumatano usiku kwenye kiwanja chenye taa. Jumatano ya kwanza nilifika na baiskeli ya milimani niliyoinunua mtumba, matairi nimeyajaza upepo mpaka yanalia ukiyagonga. Kwetu Tanga tairi ngumu ni heshima. Baba yangu alikuwa hatoki na Phoenix yake bila kuibonyeza kwanza na kuridhika. Kocha wetu, babu mmoja wa miaka sabini na ushee mwenye magoti ya chuma, akainama, akabonyeza tairi kwa kidole gumba, akanitazama kama daktari aliyeona kidonda. Akafungua kifuniko cha valvu, akatoa upepo fsss, akabonyeza, akatoa tena. Nikamwambia mzee wangu unanitilia pancha. Akaniambia panda. Nikapanda, nikaingia kwenye kona ya nyasi iliyoniangusha mara mbili dakika kumi zilizopita, na tairi ikajitandaza ikashika ardhi kama kiganja. Kwa kipimo cha presha ya upepo, tairi ilikuwa na paundi hamsini na kitu, akaniachia ishirini na tano. Kwa somo hilo peke yake ningelipa ada mara mbili.

Somo la pili lilikuwa langu kuwapa wao. Wageni huwa wanateswa wiki kadhaa na kushuka na kupanda bila kusimama. Unatakiwa, baiskeli ikiwa inakwenda, urushe mguu wa kulia nyuma ya kiti, usimame kwa mguu wa kushoto juu ya pedali upande usio na mnyororo, kisha uruke chini ukikimbia. Babu akaeleza, akaeleza, watu wanaanguka kama maembe. Mimi nikafanya mara ya kwanza. Akanyamaza. Akasema rudia. Nikarudia. Jamani, hivyo ndivyo wazee wote wa Ngamiani wanavyoshuka wakifika msikitini! Mguu mmoja kwenye pedali, mwingine umeshavuka, baiskeli inateleza yenyewe mpaka ukutani. Na kupanda kwao ni kudandia, unasukuma hatua mbili kisha unarusha mguu. Sisi watoto, baiskeli zikituzidi kimo, tulikuwa tunapitisha mguu chini ya bomba la fremu na tunakwenda upande upande mpaka sokoni. Tangu siku hiyo babu akawa ananiita mbele kuwaonyesha wenzangu. Kwenye mbio zenyewe bado wananiacha wote, lakini kwenye mbao mbili ninawapata wawili watatu.

Baiskeli za kuazima. Klabu inazo nne, wanachama wapya huazima bure kwa msimu wa kwanza. Wazo zuri, utunzaji mbovu. Yangu ilikuwa na gia inayoruka na pedi za breki zilizobaki karatasi. Nililalamika, nikaambiwa itashughulikiwa, ikashughulikiwa baada ya wiki tano. Ukienda, ikague kama unavyokagua samaki: mnyororo, breki, rimu ikizungushwa isicheze. Ile yangu ya milimani niliendelea nayo kwenye mbio za mwanzo. Kanuni za kimataifa zinataka tairi isizidi upana wa milimita 33, lakini kwenye ligi ya mtaani hakuna aliyekuja na rula. Waliniambia tu nitoe kishikio cha chupa na pembe za usukani, basi.

Nimesema mikono. Kando ya njia kuna eneo wanaloliita piti, ambapo ndipo pekee unaporuhusiwa kubadilisha baiskeli. Udongo wa Yorkshire, jimbo letu hili, una gundi. Mizunguko miwili tu na tairi haionekani, tope limejaa kwenye breki na nyasi zimejisokota kwenye gia, baiskeli imekuwa gunia la mahindi. Wenye kujiweza wana baiskeli mbili: unaingia piti na chafu, unaitupa mkononi mwa mtu, unanyakua safi, unaondoka. Yule mtu anakimbia na ile chafu kwenye mashine ya maji ya presha, anaipiga brashi, anairudisha kabla hujazunguka. Sina baiskeli ya pili ya maana, lakini mwezi wa Novemba mama mmoja wa klabu, aliyekwisha shindana asubuhi, alinipa yake. Kiti alikishusha mwenyewe kwa kimo changu, bila mimi kuomba. Nilipoingia piti aliniitia jina, akaishika yangu kwa usukani na kunisukuma mgongoni. Mzunguko uliofuata nikaikuta yangu inang'aa, mnyororo umepakwa mafuta. Ndiyo siku pekee ambayo sikuwa wa mwisho.

Kisha Desemba. Kiongozi wa klabu aliandika kwenye kundi kwamba watakuwepo watu wawili piti. Hakuwepo hata mmoja. Kulikuwa na mbio nyingine kubwa siku hiyo na wote walikwenda huko, hakuna aliyetuarifu. Mzunguko wa tatu mnyororo ukatoka, ukang'ang'ania kati ya gia na fremu. Vidole vimeganda, sivihisi. Nikaibeba begani nusu mzunguko, nikifika piti natazama huku na huku kama aliyepotea feri. Aliyenisaidia ni baba mmoja wa klabu pinzani, akauchomoa mnyororo kwa bisibisi, akaniambia nenda, nenda. Nilimaliza, ila nililia garini, na sikulia kwa ajili ya mbio. Nilipowaambia Jumatano, waliomba radhi, na tangu hapo kuna orodha ya zamu ya piti. Hilo nawapa. Lakini ilibidi niwaambie.

Jezi: niliagiza Oktoba, ikafika Februari msimu ukiwa umekwisha. Saizi niliyopewa ni ya XL na inabana kama soksi. Mimi navaa ushungi mwembamba chini ya helmeti na sketi fupi ya michezo juu ya suruali, na hapo sina la kulaumu: nilimuuliza katibu kama lazima nivae ile nguo ya kubana ya kipande kimoja, akajibu kwamba lazima ni helmeti na namba, mengine ni yangu. Kwa swala pia hawakunitatiza. Desemba huku alasiri inaingia kabla ya saa nane mchana, na unaweza kukuta ndiyo muda wenyewe wa kupasha misuli. Hema la klabu lina kona ninayotandika mkeka, na kuna mzee mmoja anajipa kazi ya kusimama mlangoni asipite mtu na baiskeli inayochuruzika.

Kwa watoto ningetoa alama zote. Wadogo wanashindana asubuhi, mbio za dakika kumi hivi, wamegawanywa kwa umri, na kila klabu inapiga kelele kwa mtoto yeyote anayepita. Binti yangu chumbani kwake kabandika picha ya Tom Pidcock, kijana wa Leeds hapo jirani aliyechukua ubingwa wa dunia wa saiklokrosi Fayetteville, Marekani, mwaka 2022. Siku za mazoezi tukikosa kiwanja ananivuta Peel Park, bustani ya hapa Bradford, kwa kuwa mashindano ya taifa ya saiklokrosi ya Januari 2017 yalifanyika pale, na anataka kupanda kilima kile kile. Mimi napanda nikisukuma.

Mengine kwa ufupi. Kiingilio cha mbio ni juu yako, mimi hulipa karibu pauni 18, na bima ya British Cycling, chama cha baiskeli cha Uingereza, ni hesabu nyingine. Kundi la simu linachosha: ujumbe mia moja kuhusu vipande vya tairi. Vyoo vya plastiki, nenda na karatasi zako. Chai yao ya kibanda ni maji ya moto yaliyotishwa kwa majani. Nilipeleka thermosi ya tangawizi na sinia la mandazi, na kabla wadogo hawajamaliza mbio sinia lilikuwa tupu na nimekwishaandikwa kwenye zamu ya jiko. Na Septemba 2025, mbio za dunia za barabarani zilipofanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, kila mtu klabuni alinijia kuuliza kama kule ni kwetu. Niliwaambia kutoka Tanga hadi Kigali ni safari ya kukata nchi nzima kwa basi, lakini ndiyo, ni kwetu.

Nimeshalipa ada ya mwaka mpya. Nimewaambia nataka Jumapili mbili za piti na sitaki tena ile baiskeli ya gia inayoruka. Shoga, ukimleta mwanao, mlete na viatu jozi mbili, glavu jozi mbili, taulo kuukuu, na mifuko ya takataka ya kutandika kwenye viti vya gari. Viti vyangu mimi havijarudi rangi yake mpaka leo.