TAHADHARI: Mnunuzi aliyelipa kwa hundi tatu ameondoka na Datsun 240Z yangu, Nairobi

Ndugu zangu mnaouza magari ya zamani, someni hii kabla hamjampa mtu funguo.

Jumamosi iliyopita nimeibiwa Datsun 240Z yangu ya 1972. Sikuvunjiwa mlango. Funguo nilimpa mnunuzi kwa mkono wangu, na geti nikamfungulia mimi mwenyewe.

Gari hilo nimekaa nalo miaka kumi na moja. Nililikuta sakafu imeoza, na pale betri inapokaa kutu imekula bati hadi unaona ardhi. Tulikata, tukachomelea bati jipya, injini ya silinda 6 ikashushwa na kufunguliwa yote, kabureta zote mbili zikafungwa upya. Mgongo wangu sasa hauwezi kile kiti cha chini, ndiyo maana nikaamua kuliuza, lakini nilitaka liende kwa mtu atakayelipenda. Jamaa alilijua hilo mapema kuliko bei.

Na bei hakuigusa kwanza. Alianza na madereva wa Safari Rally: Edgar Herrmann kushinda 1971 na gari kama hili, kisha Shekhar Mehta 1973, alipomaliza pointi sawa na Harry Källström na bado ushindi ukawa wake. Halafu akachungulia dashibodi. "Mzee, saa bado inatembea? Saa za hizi gari ndizo hufa kwanza." Ni kweli, yangu nimeifungua mara mbili. Nikajiambia huyu ni mwenzetu. Tangu hapo sikumchunguza tena.

Tulipatana milioni 2.7. Akaleta hundi tatu za laki tisa tisa, akieleza kwamba hapa Kenya hundi inayozidi milioni moja haipiti kutoka benki moja hadi nyingine. Hilo ni kweli. Lakini kiasi hicho hutumwa kwa RTGS, yaani pesa inayotumwa moja kwa moja kutoka benki hadi benki, na mimi sikumuuliza kwa nini hakufanya hivyo. Tukaenda benki pamoja asubuhi, hundi zikawekwa, simu ikalia, nikaona salio limepanda. Ndugu zangu, salio hilo ni la kwenye vitabu tu. Pesa ya kutoa haipo mpaka hundi iive. Akaomba gari siku hiyo hiyo, kuna harusi Jumapili, umiliki tutahamisha Jumatatu kwenye eCitizen. Nilidhani niko salama kwa kuwa logibuku bado ina jina langu. Jumanne hundi zote tatu zilirudi. Simu yake haipatikani.

Mwizi wa gari kama hili hahitaji logibuku. Anaweza kuliuza vipande vipande.

Kwa hiyo uzeni siku ya kazi, ndani ya tawi lenu, kwa RTGS. Mwulizeni karani swali moja: pesa hii naweza kuitoa sasa hivi? Akisita, gari lisitoke. Mteja akitaka kulijaribu, kaeni naye ndani.

Langu ni la rangi ya chungwa, namba ya chesisi inaanza na HS30. Chini ya kiti cha dereva kuna kiraka cha bati kilichochomelewa kwa mkono, mshono wake umepinda upande wa mlango. Mkiuziwa kabureta pacha, taa za nyuma au dashibodi yenye saa inayotembea, ulizeni imetoka wapi. Nimeripoti polisi na nina namba ya OB, kitabu chao cha matukio. Ukiliona barabarani usilifuate, ingia kituo cha polisi kilicho karibu uwaambie lilikuwa linaelekea wapi.