AES au ChaCha20 kwa programu yetu ya korosho?

Wakuu, huku Mtwara tuko wanne tunaandika pamoja programu ya kurekodi mizani ya korosho, sasa tumekwama kwenye kufunga data (kuisimba ili asiye na ufunguo asiisome), kuna njia mbili, mmoja anataka AES mwingine ChaCha20 na kila mtu kashupaza shingo.

AES ndo mkongwe, wameibuni Wabelgiji wawili, Daemen na Rijmen, Marekani ikaifanya standadi 2001, kwa hiyo ukimwambia mkaguzi unatumia AES haulizi swali la pili. Kwenye laptopu inakimbia balaa sababu prosesa ina maelekezo yake maalumu. Shida iko kwa karani wa Tandahimba, kale kasimu kake ka bei chee hakana hayo mambo, nilijaribu kufunga picha za risiti za siku nzima pale ghalani, kaduara kakazunguka weee mpaka akaniuliza "kaka, simu imekufa?"

ChaCha20 ya Bernstein, mtaalamu wa usimbaji, ya 2008, yenyewe inajumlisha, inazungusha biti, inafanya XOR (kulinganisha biti mojamoja), basi, kwa hiyo simu dhaifu inapumua. Ukiiunganisha na Poly1305, yaani muhuri wa kukagua data, unajua pia kama kuna mtu kachezea kilo (AES nayo ukiitumia kwa mtindo wa GCM, wenye muhuri wake, inafanya hivyo).

Usalama? Zote tunatumia ufunguo wa biti 256, hapo msigombane. Ila nonsi (namba ya kutumika mara moja tu kila unapofunga) ya baiti 12 ukiirudia na ufunguo uleule umeumia kotekote. Na jamani chukueni maktaba ya msimbo iliyopimwa, juzi mwenzetu kaleta AES aliyojiandikia mwenyewe usiku, nimeikataa.

Mimi nasema ChaCha20 kwenye simu, AES ibaki kwenye seva.